Menyu na Sentensi ya Mtumiaji: Maoni kuhusu Upangaji wa Mipangilio katika Kompyuta za Mezani

1.0 Utangulizi

Tangu mjadala wa istilahi za kompyuta uanze katika lugha yetu, swali lililotushughulisha zaidi ni la jina: kitu hiki kiitweje? Tumejadili kama mashine yenyewe iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kama ubao wa kuandikia ni kibodi au baobonye. Kama neno la siri liwe nywila au nenosiri. Mijadala hiyo ina faida yake, na makala haya hayakusudii kuibeza. Yanakusudia kuonyesha kwamba lipo swali jingine linalotangulia lile la jina, ambalo sisi wanaisimu tumewaachia wahandisi peke yao: kitu hiki kiwekwe wapi, na kando ya kitu gani?

Swali hilo hujitokeza wazi zaidi katika menyu ya mipangilio ya mfumo endeshi. Kwa menyu ya mipangilio tuna maana ya sehemu ile ambamo mtumiaji huieleza kompyuta namna anavyotaka iwe: ukubwa wa maandishi, kiasi cha mwanga wa skrini, lugha, saa, printa, mtandao, na neno la siri la kuingilia. Ni sehemu ambayo mtu hufika mara chache, na mara nyingi hufika akiwa na shida. Akikosa anachokitafuta, humwita fundi na kumlipa kwa kazi ya dakika moja, au huvumilia. Mwalimu mstaafu ambaye macho yake yamepungua nguvu, akishindwa kupata mahali pa kukuza maandishi, hatasema kwamba menyu imepangwa vibaya. Atasema kwamba kompyuta si chombo cha watu wa umri wake, na ataiacha.

Rai ya makala haya ni moja. Menyu ya mipangilio ni uainishaji wa maana kabla haijawa orodha ya majina, na uainishaji huo unafaa ufuate sentensi ambayo mtumiaji angeitamka kuhusu haja yake, wala si sehemu za mashine kama zinavyojulikana kiwandani. Rai hii ikikubalika, basi tafsiri ya Kiswahili inayobadilisha majina na kuuacha mpangilio kama ulivyo ni kazi iliyofikia nusu ya njia.

2.0 Mipangilio ilivyopangwa tangu 1984

Kompyuta ya Macintosh ilipotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1984, mipangilio yake mikuu ilitoshea katika dirisha dogo moja. Dirisha hilo, lililosanifiwa na Susan Kare, lilitegemea picha kuliko maneno. Kasi, mathalani, ilionyeshwa kwa picha za sungura na kobe. Mwaka uliofuata, toleo la kwanza la Windows la kampuni ya Microsoft nalo lilikuja na paneli yake ya udhibiti. Wakati huo hapakuwa na tatizo la uainishaji, kwa sababu vitu vyote vilionekana kwa pamoja. Mtu hahitaji ramani ya chumba kimoja.

Kadiri mashine zilivyoongezewa uwezo, chumba kile kiligeuka nyumba, na nyumba ikageuka mtaa. Katika Windows 95, iliyotolewa mwaka 1995, paneli ya udhibiti ilikuwa folda yenye ikoni zilizopangwa kwa alfabeti. Mwaka 2001 Windows XP ilileta mtazamo wa makundi: ikoni ziligawanywa katika makundi 9, na mtumiaji aliachiwa uhuru wa kurejea mpangilio wa kale. Mwaka huohuo Mac OS X ya Apple iligawa mipangilio yake katika makundi ya mambo binafsi, vifaa, intaneti na mtandao, na mfumo. Mwaka 2012 Windows 8 iliongeza ukurasa mpya wa mipangilio bila kuiondoa paneli ya kale. Mwaka 2015 Windows 10 iliupanua ukurasa ule, na Windows 11 ilipotolewa mwaka 2021 paneli ya kale bado ilikuwamo, ikiwa imejificha nyuma ya ile mpya. Kwa upande wa Apple, toleo la Ventura la mwaka 2022 liliondoa ikoni zilizotandazwa na kuweka orodha ndefu ya maneno upande wa kushoto.

Msomaji aliyezoea masuala ya uainishaji ataona mara moja kasoro ya makundi manne ya mwaka 2001. Kundi la kwanza limetengwa kwa kigezo cha mwenye mali, la pili kwa kigezo cha umbo, la tatu kwa kigezo cha kazi, na la nne halina kigezo kabisa, kwa kuwa kila kitu katika kompyuta ni sehemu ya mfumo. Uainishaji wenye vigezo vinavyobadilika njiani huzaa vitu vyenye makao mawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa skrini: picha ya mandhari yake iliwekwa katika mambo binafsi, ilhali vipimo vyake viliwekwa katika vifaa. Anayetazama skrini haoni skrini mbili.

Ventura nayo ilikuja na sehemu iitwayo jumla. Ndani yake mlikusanywa saa na tarehe, lugha na eneo, nafasi ya kuhifadhia, usasishaji wa programu, na diski ya kuanzia. Neno jumla katika menyu lina kazi ileile ya neno mengineyo katika ajenda ya mkutano: ni mahali pa kuweka yale ambayo mpangaji hakujua pa kuyaweka. Mpangaji huutua mzigo wake, na mtafutaji akauokota.

3.0 Funzo kutoka katika ngeli

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili wana bahati ya kulifahamu tatizo hili kwa sura nyingine. Kwa muda mrefu nomino zetu ziliainishwa kwa kufuata viambishi vyake. Kwa kigezo hicho, kipofu, kiziwi, kifaru na kiboko ziliingia pamoja na kiti na kisu, kwa kuwa zote zina umbo la KI-VI. Lakini hakuna Mswahili asemaye kipofu kimekuja. Husema kipofu amekuja, na vifaru wanakunywa maji. Kigezo cha upatanisho wa kisarufi kilipotumika, ilidhihirika kwamba makao ya nomino hayajulikani kwa kuitazama ikiwa peke yake. Hujulikana inapotiwa ndani ya sentensi.

Ni maoni yetu kwamba wapangaji wengi wa mipangilio wangali katika hatua ya viambishi. Huitazama mipangilio kwa umbo lake la kihandisi na kuigawa kulingana na sehemu ya mashine inayohusika, au, mara nyingine, kulingana na idara ya kampuni iliyoiunda. Tuchukue kipanya katika Windows 10. Uchaguzi wa kitufe kikuu, cha kushoto au cha kulia, uliwekwa katika vifaa. Ukubwa na rangi ya kishale uliwekwa katika sehemu ya kuwarahisishia kazi watu wenye ulemavu. Kasi ya kubofya mara mbili ilibaki katika paneli ya kale. Kibodi nayo ilitawanywa vivyo hivyo: mpangilio wa herufi zake ulikuwa katika saa na lugha, vitufe vya kunata vilikuwa katika sehemu ya ulemavu, na kasi ya herufi kujirudia ilikuwa katika paneli ya kale. Kila uamuzi miongoni mwa hiyo una sababu yake mbele ya mhandisi. Kwa pamoja, hata hivyo, maamuzi hayo yanamtaka mtumiaji ajue historia ya programu ndipo aweze kubadili kasi ya herufi.

Sasa tumsikilize mtumiaji huyo. Anapopatwa na haja husema: skrini inazimika mapema mno. Husema: sauti haitoki; printa haichapi; maandishi ni madogo; betri inakwisha haraka; saa si sahihi. Sentensi hizi zina muundo mmoja. Kiima chake ni nomino ya kawaida inayotaja kitu kinachoonekana, kusikika au kufahamika na kila mtu. Kiarifu chake kinaeleza jambo linalokipata kitu hicho. Hakuna anayesema ubinafsishaji wangu una kasoro, wala mfumo wangu unahitaji marekebisho ya uonyeshaji.

Jambo hili lina msingi katika nadharia. Eleanor Rosch na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1976 kuhusu dhana za kawaida, walionyesha kwamba katika ngazi za ujumla kuna ngazi moja ya katikati ambayo watu huitumia kwa wepesi kuliko nyingine. Mtu akikionyeshwa kiti husema kiti, hasemi samani, wala hakimbilii kutaja aina ya kiti chenyewe. Skrini, sauti, printa, betri, kibodi, lugha na saa ni maneno ya ngazi hiyo ya katikati. Vifaa, mfumo, ubinafsishaji na jumla ni maneno ya ngazi ya juu. Menyu zetu huwaanzisha watu katika ngazi ya juu, ambako hawana desturi ya kufikiri, kisha huwataka wateremke kwa kubahatisha.

Tunapendekeza, basi, kanuni hii: ngazi ya kwanza ya menyu iwe na viima vya sentensi za watumiaji, na ngazi ya pili iwe na viarifu vyake. Anayefungua skrini akute humo mwanga, ukubwa wa maandishi, picha ya mandhari, na muda wa kuzimika. Katika Windows 10 muda huo uliwekwa katika sehemu ya umeme, na kihifadhi skrini kiliwekwa katika ubinafsishaji, chini ya skrini ya kufungia. Kwa kigezo cha sentensi, vyote viwili vinajibu lalamiko moja na makao yao ni mamoja.

Huenda ikaulizwa kama ngazi ya kwanza ya namna hii haitakuwa na majina mengi mno. Wengi hutaja hapa makala ya George Miller ya mwaka 1956 kuhusu idadi ya saba, wakihitimisha kwamba menyu isizidi vitu saba. Lakini Miller alizungumzia mambo ambayo mtu huyashika kichwani, ilhali menyu iko mbele ya macho na haihitaji kukaririwa. Mwaka 1998 Kevin Larson na Mary Czerwinski walijaribu kupanga vitu 512 kwa njia tofauti katika kurasa za mtandao. Mpangilio wa ngazi tatu zenye vitu 8 kila moja uliwachelewesha watu kuliko mipangilio ya ngazi mbili, yaani ule wa 16 kwa 32 na ule wa 32 kwa 16. Upana wenye majina yanayoeleweka una nafuu kuliko kina chenye majina ya kubahatisha.

4.0 Tafsiri iliyofikia nusu ya njia

Kazi ya kuitia kompyuta Kiswahili ina heshima yake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo iliandaa vifurushi vya Kiswahili vya Windows. Vifurushi hivyo, hata hivyo, viliwekwa juu ya mfumo uliokwisha kupangwa kwa lugha nyingine. Mfasiri alipewa orodha ya maneno na vifungu vyake, akarudisha orodha. Hakuulizwa kama makundi yenyewe yana maana kwa Mswahili. Aidha, kwa kuwa vifurushi havikufasiri kila kitu, mtumiaji aliyezama ndani ya menyu aliweza kuianza safari kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kiingereza, tena katika kurasa zile ngumu ambako msaada wa lugha ulihitajika zaidi.

Athari ya kwanza ya tafsiri ya namna hii iko katika alfabeti. Majina ya makundi ya Kiingereza ni nomino dhahania, na Kiswahili huunda nomino dhahania kwa viambishi. Orodha ikifasiriwa moja kwa moja tunapata ubinafsishaji, ufikivu, usalama, usasishaji, uchapishaji, uonyeshaji. Kisha mfumo, mtandao, mwonekano, maandishi, mahali, muda. Zikipangwa kwa alfabeti, karibu zote hurundikana chini ya M na U, na alfabeti huacha kuwa msaada. Wanaleksikografia wanalijua tatizo hili tangu zamani. Ndiyo maana kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mashina yake, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilipochagua njia ya kuanzia na umbo kamili la neno, ilifanya uamuzi wa kitaalamu unaojulikana faida na hasara zake. Katika menyu uamuzi huo haujafanywa na mtu yeyote. Umeangukia mahali ulipoangukia.

Tazama sasa majina ya ngazi ya katikati: betri, faili, intaneti, kamera, kibodi, kipanya, lugha, printa, programu, saa, sauti, skrini. Mengi yake ni maneno ya mkopo yasiyo na kiambishi cha ngeli mwanzoni, na kwa hiyo hutawanyika vizuri katika alfabeti na kushikwa na jicho kwa herufi ya kwanza. Kanuni ya sentensi, ambayo tumeitetea kwa sababu za maana, inapata hapa uungaji mkono wa pili kutoka katika umbo la Kiswahili chenyewe. Kinyume chake, anayedhani kwamba kufuata haja ya mtumiaji ni kuanzisha kila jina kwa kitenzi-jina atapata orodha ya kubadili, kuchapa, kufunga, kuunganisha na kuzima, ambayo yote huanza na ku-, na kosa la alfabeti litakuwa limerudi kwa mlango mwingine. Vitenzi vina nafasi yake, nayo ni ngazi ya pili.

Athari ya pili iko katika dhana anazodhaniwa mtumiaji kuwa nazo. Mkazi wa Dar es Salaam anayerekebisha saa katika Windows hukuta kwamba majira yake yameandikwa kwa jina la Nairobi. Kihesabu hakuna kosa, kwani miji hiyo miwili iko saa 3 mbele ya majira ya ulimwengu. Lakini anayelitafuta jina la mji wake halioni, na asiyejua kwamba orodha ile inataja mji mmoja kwa niaba ya eneo zima ataamini kwamba nchi yake imesahauliwa. Kutafsiri neno saa kwa usahihi hakumsaidii. Ambacho kingemsaidia ni mpangilio unaomwuliza yuko nchi gani.

Athari ya tatu ndiyo inayotusikitisha zaidi. Katika Windows XP sehemu ya kurahisisha matumizi iliwekewa ikoni ya kiti cha magurudumu. Katika matoleo mengine jina lake kwa Kiswahili limekuwa ufikivu, neno ambalo msomaji wa kawaida hawezi kulihusisha na macho yake. Yule mwalimu mstaafu tuliyemtaja hajihesabu kuwa mlemavu, wala hatafuti ufikivu. Sentensi yake ni fupi: maandishi ni madogo. Mpangilio unaomtaka ajitambue kwanza kuwa mgonjwa ndipo akuziwe herufi unamnyima haki yake kwa adabu.

5.0 Hoja zinazoweza kutolewa dhidi ya rai hii

Hoja ya kwanza ni kwamba upangaji haujalishi tena, kwa kuwa mifumo ya sasa ina kisanduku cha kutafutia: mtu huandika neno na kupelekwa. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau jambo ambalo ni shughuli yetu ya kila siku, yaani visawe. George Furnas na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, walipima ni mara ngapi watu wawili hukitaja kitu kimoja kwa neno lilelile. Uwezekano huo ulikuwa chini ya asilimia 20. Kama ndivyo kwa wasemaji wa lugha iliyozoea kompyuta, itakuwaje katika Kiswahili, ambamo nywila, nenosiri, neno la siri na paswedi yote yanaishi, na ambamo mmoja husema printa na mwingine kichapishi? Aidha, kisanduku kinacholinganisha herufi za mwanzo hakijui kwamba zima, kuzima, inazimika na uzimaji ni watoto wa shina moja. Kutafuta kwa Kiswahili kunahitaji uchambuzi wa mofolojia na orodha ya visawe. Visipokuwapo, kisanduku kitampa faida anayejua jina rasmi tayari, naye ndiye mwenye haja ndogo zaidi.

Hoja ya pili ni ya mazoea. Wapo wanaosema kwamba mpangilio mbaya uliozoeleka ni bora kuliko mzuri ulio mgeni. Tunaikubali kwa sehemu. Waliotumia Windows 95 walijifunza kubofya kitufe kilichoandikwa anza ili waizime kompyuta, na baada ya wiki chache hawakuuona tena ukinzani huo. Mabadiliko ya Ventura ya mwaka 2022 nayo yaliwalazimu watu waliokuwa na kumbukumbu ya mahali kwa miaka 20 kuanza upya. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba mpangilio usibadilishwe kwa ajili ya sura tu. Ukibadilishwa, ubadilishwe mara moja kwa kigezo kimoja, na majina ya zamani yaachwe kama vielekezi. Lakini mazoea ni hoja ya waliokwisha kuingia. Kwa mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili ambao bado hawajakalia kiti mbele ya kompyuta ya mezani, hakuna mazoea ya kulinda.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na hatuna budi kuikabili. Sentensi ya mtumiaji hueleza shida anayoihisi. Yapo mambo yasiyohisiwa: programu inayojua mahali alipo mtu, kipaza sauti kilichoachwa wazi, taarifa zinazotumwa kwa kampuni. Mtu hawezi kulalamikia asichokijua, kwa hiyo mpangilio uliojengwa juu ya malalamiko pekee ungeuficha usiri wa mtu mahali asipofika. Hapa kanuni yetu inafikia mpaka wake. Mambo ya namna hii hayafai kungojea kutafutwa. Yafaa mashine iulize yenyewe kabla ya kutenda, kwa sentensi kamili ya Kiswahili yenye mtenda aliyetajwa: programu fulani inataka kutumia kamera yako, je, unakubali? Hata hapo, tuzingatie, tunachohitaji ni sentensi wala si nomino dhahania.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, tunatoa mapendekezo manne kwa wanaoshughulika na Kiswahili cha kompyuta.

Kwanza, menyu ichukuliwe kuwa matini. Mfasiri asipewe orodha ya maneno yaliyotenganishwa na mahali pake; apewe menyu nzima na ruhusa ya kusema kwamba kitu fulani kinakaa pasipofaa. Pale ambapo msimbo wa programu uko wazi, kama katika mifumo ya jamii ya Linux, ruhusa hiyo ipo tayari, na kinachokosekana ni mwanaisimu wa kuitumia.

Pili, kila kipengele kiwe na makao mamoja na vielekezi vingi. Huu ni utaratibu wa kamusi: kidahizo hufafanuliwa mahali pamoja, na penginepo msomaji huambiwa atazame kule. Ukubwa wa maandishi ukae katika skrini. Anayeutafuta katika sehemu ya watu wenye uoni hafifu aelekezwe huko kwa hatua moja. Yale ya fundi, kama anwani za mtandao, yawe na mahali pake panapoitwa waziwazi kuwa ni pa fundi.

Tatu, visawe vihifadhiwe badala ya kufutwa. Usanifishaji, ambao ni jukumu la vyombo kama BAKITA, huchagua neno moja la kuandikwa katika menyu, na hilo ni jema. Lakini maneno yaliyoshindwa katika uchaguzi huo yaingizwe katika kisanduku cha kutafutia, ili anayeandika paswedi asirudishwe mikono mitupu kwa kosa la kusema kama wenzake wanavyosema.

Nne, wanafunzi wetu wa uzamili waitwe kwenye kazi hii. Njia ipo na ni ya gharama ndogo: majina ya mipangilio huandikwa kwenye kadi, kadi moja kwa jina moja, na wasemaji wa Kiswahili huombwa kuzipanga katika mafungu na kuyapa mafungu hayo majina kwa maneno yao. Kazi hiyo ikifanywa kwa makarani, walimu wa shule, wafanyabiashara wadogo na wazee, Unguja, Mwanza, Mombasa na Bukavu, itatupa data ya semantiki ambayo hakuna kampuni iliyoikusanya kwa niaba yetu. Huenda mafungu yao yakatofautiana na tuliyoyapendekeza hapa. Ikiwa hivyo, yao ndiyo yafuatwe.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tatizo la menyu za mipangilio ni tatizo la uainishaji wa maana, na kwamba uainishaji huo una kigezo kinachoweza kutetewa kiisimu, yaani sentensi ya mtumiaji: kiima katika ngazi ya kwanza, kiarifu katika ngazi ya pili. Tumeonyesha pia kwamba kigezo hicho kinalifaa umbo la Kiswahili kuliko tafsiri ya nomino dhahania, na kwamba kina mpaka wake katika mambo ya usiri.

Kazi ya istilahi haina budi kuendelea. Hata hivyo, neno lililosanifiwa vizuri na kuwekwa pasipotafutwa halitumiki, na neno lisilotumika hufa hata likiwa limepitishwa na kamati. Yafaa tukae na wahandisi wakati ramani ya nyumba inachorwa, badala ya kuitwa mwishoni kuandika majina juu ya milango.